Fasihi Hutunzwa, Data Hutupwa: Maneno ya Mhojiwa katika Utafiti wa Vyuo Vikuu

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi huiendea matini akiwa na maswali mawili ya msingi: ni nani anayesema hapa, na anasema kwa maneno ya nani? Tumeyauliza maswali haya kuhusu riwaya, tamthilia, tenzi na ngano hadi yamekuwa kama ada. Hata hivyo, kuna aina moja ya matini ambayo aghalabu tunaiacha nje ya uhakiki wetu, ingawa ndiyo tunayoizalisha kwa wingi zaidi katika idara zetu. Nazo ni tasnifu na ripoti za miradi ya utafiti katika sayansi za jamii, lugha na elimu. Tunazisimamia, tunazitahini, tunaziweka maktabani, hatuzihakiki.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki kwa upande mmoja tu, yaani namna zinavyoyashughulikia maneno ya watu waliohojiwa. Hoja yetu ni kwamba vyuo vyetu vinatumia mizani mbili. Mtu akitunga utenzi, maneno yake huhifadhiwa kwa lugha yake, neno kwa neno, na mfasiri akija huyaweka maneno yake kando ya yale ya mtunzi. Mtu huyo huyo akihojiwa na mtafiti kuhusu shule, shamba, ndoa au ugonjwa, maneno yake hufasiriwa, hufupishwa, hupewa namba, kisha hupotea. Ya kwanza tumeyaita fasihi. Ya pili tumeyaita data. Tutajaribu kuonyesha kwamba tofauti hii imetokana na majina tuliyoyapachika wala haimo katika maneno yenyewe, na kwamba kinachopotea ni maarifa yale yale ambayo utafiti ulikwenda kuyatafuta.

Mizani mbili

Jina la W. H. Whiteley linajulikana kwa wanafunzi wengi wa isimu ya Kiswahili. Mwaka 1957 ulichapishwa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, ukiwa na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Msomaji wa chapisho hilo anaweza kuuweka ubeti wa Kiswahili mbele yake, akaulinganisha na tafsiri, akaona mahali ambapo mfasiri amefaulu na mahali ambapo amelegea. Whiteley huyo huyo ndiye mhariri wa Language in Kenya, kitabu kilichotoka mwaka 1974 kikiwa tunda la uchunguzi mkubwa wa matumizi na ufundishaji wa lugha katika nchi tano: Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Uchunguzi huo uligharimiwa na Wakfu wa Ford. Thamani ya kitabu ni kubwa, na hakuna awezaye kuandika historia ya sera ya lugha nchini Kenya akakipuuza. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi wake imekuja kwa njia ya majedwali, na katika jedwali mtu hasemi, huhesabiwa.

Hatumlaumu Whiteley. Kila kazi aliifanya kwa mujibu wa ada ya taaluma yake. Linalotushughulisha ni hizo ada zenyewe, kwa kuwa msomi mmoja, katika eneo moja na lugha ile ile, alitakiwa kuyatunza maneno ya Mswahili aliyetunga beti na hakutakiwa kuyatunza maneno ya Mswahili aliyejibu swali.

Mfano wa pili unatoka katika tukio lile lile lililomhamasisha Abdul Karim. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, wakati huo chuo hicho kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kuwahoji wazee waliovikumbuka Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Huu ni miongoni mwa miradi ya heshima kubwa katika historia ya vyuo vyetu. Uliipindua picha ya vita hivyo iliyokuwa imejengwa juu ya nyaraka za Wajerumani, na ukathibitisha kwamba mzee asiyejua kuandika ni shahidi wa historia. Mwaka huo huo Gilbert Gwassa na John Iliffe walitoa Records of the Maji Maji Rising, na ndani yake wazee wanapata nafasi ya kusema. Wanasema kwa Kiingereza. Basi leo mwanafunzi anayetaka kujua vita hivyo vilisimuliwaje kwa Kiswahili atakwenda kwenye utenzi. Akitaka kujua wazee walivisimuliaje zaidi ya nusu karne baadaye, atapewa tafsiri. Vita ni vimoja na kumbukumbu ni moja, ila utenzi una vina na mizani, nao ushuhuda hauna. Je, vina na mizani ndivyo vinavyoyafanya maneno ya mtu yastahili kuhifadhiwa?

Tujiulize jambo hilo kwa kumfikiria Muyaka bin Haji. Mashairi yake yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah na W. E. Taylor waliyaandika jinsi yalivyokuwa yakikumbukwa Mombasa, na William Hichens akayatoa katika diwani mwaka 1940. Lau Taylor angaliridhika kuandika katika daftari lake kwamba mshairi alieleza kutoridhishwa kwake na hali ya siasa ya mji, Muyaka angalikuwa ameangamia, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angalisema kwamba "maudhui" yake yamehifadhiwa. Jambo ambalo tungaliliita msiba kwa Muyaka ndilo tunalolifanya kila siku kwa wahojiwa wetu, na tunaliita uchanganuzi wa data.

Safari ya jibu moja

Ili tuione hasara yenyewe, yatupasa tulifuate jibu moja kuanzia linapotoka kinywani mpaka linapofika katika ripoti. Jibu tutakalolitumia tumelibuni, ili tusimfichue mtu yeyote. Lakini msomaji aliyewahi kufanya mahojiano nyanjani ataitambua sauti yake.

Mtafiti wa elimu amekwenda kuchunguza sababu za wasichana kutomaliza shule ya sekondari. Anamwuliza mzazi: "Mama, kwa nini mlimwachisha mtoto shule?" Mama anajibu: "Hatukumwachisha, mwanangu. Tulishindwa. Kila akienda anarudishwa, hata mwishowe akazoea kurudi." Katika ripoti jibu hili huwa sentensi moja, nayo kwa Kiswahili ingekuwa hivi: mhojiwa alisema kwamba binti yake aliacha masomo kwa ukosefu wa karo. Kisha sentensi hiyo hupewa namba ya "sababu za kiuchumi" na kuingia katika asilimia.

Sentensi ya ripoti si ya uongo. Hata hivyo, mhakiki akiisoma kwa makini anayomsomea mhusika wa riwaya, ataona kwamba imebadilisha takriban kila kitu.

Kwanza, jibu la mama linaanza kwa ukanushi. Anakanusha shutuma iliyofichama katika swali, kwa sababu kitenzi "kuwachisha" kilikwisha kumtia hatiani kabla hajafungua kinywa. Ripoti imelifuta swali, na kwa kulifuta swali imelifanya jibu lionekane kuwa taarifa tu, ilhali lilikuwa utetezi. Katika uhakiki wa tamthilia hatuwezi kuitafsiri kauli ya mhusika bila ya kuitazama kauli iliyotangulia. Katika ripoti tunafanya hivyo bila ya kusita.

Pili, limo neno "mwanangu". Kwa neno hilo mama amempa mtafiti nafasi katika jamaa. Amemweka mahali pa mtoto wake, tena mtoto aliyebahatika kusoma, na hapo hapo amemkumbusha kwamba kuna mwingine ambaye hakubahatika. Mtafiti anayejiona kuwa jicho lisiloonekana hupenda neno hili litoke. Likitoka, hatuwezi tena kujua kwamba mama alikuwa akizungumza na nani, wala kwamba uhusiano huo ulimfanya aseme nini na anyamazie nini.

Tatu, kuna kitenzi "kushindwa". Katika Kiswahili mtu hushindwa na kitu: na karo, na maisha, na safari. Hata anapokiacha kitu hicho bila ya kukitaja, umbo la kutendwa linatuambia kwamba kipo, na kwamba kimeshinda. Mama anasimulia mapambano. Nomino "ukosefu" haina mapambano. Inaitaja hali iliyokaa tu, kama ukosefu wa mvua.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, tutazame ni nani anayetenda. Katika maneno ya mama mtoto anakwenda shuleni. Anakwenda mara kwa mara, kama inavyoonyesha "kila akienda", na mara kwa mara anarudishwa. Anayemrudisha hakutajwa, lakini kitenzi kinamwachia mahali pake. Ndipo inapokuja "-ka-" ya masimulizi, na sentensi inafungwa kwa kejeli iliyo chungu: mtoto alijifunza jambo moja shuleni, nalo ni kurudi nyumbani. Katika ripoti mtoto mwenyewe ndiye aliyeacha. Kiingereza cha taaluma ya elimu kina kitenzi mashuhuri kwa hali hii, ambacho humfanya mtoto kuwa mtendaji, kana kwamba alidondoka mwenyewe kama embe lililoiva. Shule iliyomrudisha imetoweka katika sarufi, na yeyote atakayeisoma ripoti ataielekeza tiba kwa mtoto na mzazi wake: ushauri nasaha, uhamasishaji, labda msaada wa karo. Hatafikiri kuhusu lango la shule na anayelilinda, kwa kuwa lango hilo halimo katika matini iliyomfikia.

Hapo ndipo tunaposema kwamba mtindo si pambo. Mama huyu alikuwa na nadharia kamili ya tatizo ambalo mtafiti alikwenda kulichunguza, na nadharia hiyo ilikuwa imesetiriwa katika viambishi, katika kauli za vitenzi na katika mpangilio wa sentensi. Mtafiti alichukua mada akaacha nadharia. Kisha, aghalabu, alirudi chuoni akaitafuta nadharia nyingine maktabani ili aijazie sura ya pili ya tasnifu yake.

Neno la hojaji

Tatizo halianzi katika tafsiri ya majibu. Mara nyingine huanza katika swali lenyewe, na hasa katika hojaji zilizoandikwa kwa Kiingereza zikafasiriwa kwa Kiswahili sanifu kabla ya kupelekwa nyanjani. Mifano miwili kutoka pwani ya Kenya inatosha.

Wa kwanza ni neno "chuo". Katika hojaji za elimu neno hili huwa na maana ya taasisi inayofuata baada ya shule: chuo cha ualimu, chuo cha ufundi, chuo kikuu. Lakini kwa Waswahili wa Lamu na Mombasa mtoto aliye chuoni ni mtoto anayesoma Kurani kwa mwalimu wake, na katika Kiswahili cha kale chuo ni kitabu. Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba Utendi wa Tambuka hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Bibi wa Lamu akiulizwa kama alikwenda chuo, anaweza kujibu kwamba alikwenda, na akawa amesema kweli. Msaidizi wa utafiti akimtafsiria swali upya, akamweleza kwamba linakusudiwa chuo cha serikali, bibi atajibu kwamba hakusoma, na hojaji itaandika: kiwango cha elimu, hakuna. Mtu huyo huenda anazisoma tenzi katika hati za Kiarabu, na huenda amewafundisha wajukuu kusoma. Mradi uliogharimiwa ili upime elimu umemwandika kuwa hana elimu, na haukuacha maneno yoyote ambayo kwayo mtafiti mwingine angeweza kuligundua kosa hilo.

Wa pili ni neno "kaya". Katika Kiswahili cha takwimu, hasa kile kilichoenea kutoka Tanzania, kaya ni watu wanaokaa na kula pamoja, na mkuu wa kaya ndiye msemaji wao mbele ya karani. Kwa Wamijikenda wa Kwale na Kilifi, Kaya ni makao matakatifu ya mababu yaliyomo msituni, yenye wazee wake na miiko yake; kadhaa kati ya misitu hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mtafiti anayemwuliza mzee wa Kidigo "Mkuu wa kaya hii ni nani?" ameuliza jambo zito kuliko alivyodhani. Mzee anaweza kucheka, anaweza kukasirika, au anaweza kuyataja majina ya watu ambao hawakai nyumbani kwake kabisa. Hayo yote ni maarifa. Lakini kisanduku cha hojaji hakina mahali pa kicheko. Kinachoingia ni jina moja na umri.

Mifano hii inatufundisha kwamba kusanifiwa kwa Kiswahili hakukimalizi Kiswahili. Hojaji huchukulia kwamba neno lina maana moja kutoka Lamu hadi Kigoma. Mwanafunzi wa fasihi, ambaye amefunzwa kuiona lahaja katika ushairi kuwa hazina, ndiye aliye na ujuzi wa kuikosoa dhana hiyo. Ni ajabu kwamba ujuzi huo haualikwi hojaji zinapoandikwa.

Somo kutoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari

Huenda ikadhaniwa kwamba tunadai jambo geni au lisilowezekana. Utafiti wa jamii katika lugha yetu ulikwisha kulitenda zaidi ya miaka 100 iliyopita, na tena katika mazingira yasiyopendeza. Mwaka 1903 ilichapishwa kule Göttingen, Ujerumani, kazi iitwayo Desturi za Wasuaheli. Jina lililotangulizwa ni la Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni ya Wajerumani katika Afrika Mashariki kisha mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Maneno kwa sehemu kubwa ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, pamoja na Waswahili wengine. Mizani ya uwezo baina ya hao wawili haihitaji maelezo. Huyu ni mtumishi wa dola iliyoitawala nchi. Yule ni mtawaliwa.

Hata hivyo, Velten aliyachapisha maneno kwa Kiswahili. Tafsiri ya Kijerumani aliitoa mbali mwaka huo huo. Kwa sababu hiyo, mwaka 1981 ilipotoka tafsiri ya Kiingereza iliyotokana na kazi ya J. W. T. Allen, jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari liliwekwa katika anwani ya kitabu. Aliyekuwa mtoa habari akawa mwandishi. Urejesho huo uliwezekana kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwapo: msomaji aliweza kuuona mkono wake, namna anavyopanga maelezo, anavyotania, anavyokwepa. Aliyehifadhiwa kwa maneno yake anaweza kusubiri haki yake hata kwa miaka 78. Aliyehifadhiwa kwa muhtasari hana cha kusubiri.

Linganisha hali hiyo na ile ya mhojiwa wa leo. Mtafiti wake si mkoloni. Pengine ni mtoto wa kijiji kile kile, na ana fomu ya ridhaa iliyotiwa saini. Kwa kila kipimo cha maadili ya utafiti yuko mbele ya Velten. Lakini baada ya miaka 78 hakutakuwa na mtu awezaye kumrudishia mhojiwa huyo maneno yake, kwa kuwa hayakuandikwa popote. Yatupasa tuikabili aibu hii bila ya kuikwepa.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la lugha ya taaluma. Itasemwa kwamba ripoti huandikwa kwa Kiingereza ili isomwe na mfadhili, na mtahini wa nje, na wasomi wa nchi nyingine. Hatulipingi hilo. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Western Cape na Oslo, ulichunguza lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, na mfululizo wake wa vitabu, ulioanza kutoka mwaka 2003, ni wa Kiingereza. Mtu anaweza kuikejeli hali ya kukitetea Kiswahili kwa Kiingereza, lakini kejeli hiyo ni nyepesi. Mradi uliounganisha nchi mbili zisizo na lugha moja ya Kiafrika ulihitaji lugha ya kukutania. Tunachokidai sisi ni kidogo kuliko hicho. Lugha ya hoja na iwe yoyote ile. Lugha ya ushahidi ibaki ile iliyosemwa. Mwanahistoria anayeandika kwa Kiingereza kuhusu Ufaransa huiweka hati ya Kifaransa mahali ambapo msomaji anaweza kuifikia. Kwa nini Kiswahili kisipewe adabu hiyo, hasa baada ya Katiba ya Kenya ya 2010 kukifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza?

Pingamizi la pili ni la ukubwa wa kazi. Unukuzi wa saa moja ya mazungumzo huchukua saa nyingi, na mwanafunzi wa uzamili hana fedha wala muda. Hili ni kweli. Lakini miradi yetu huwa na mafungu ya usafiri, ya posho na ya warsha za kutangaza matokeo. Kukosekana kwa fungu la unukuzi ni uamuzi ambao mtu aliufanya. Na mwanafunzi asiyeweza kunukuu mahojiano 60 huenda angefanya kazi bora kwa kunukuu sita.

Pingamizi la tatu linatoka upande wetu wenyewe, nalo ndilo gumu zaidi. Sisi wa idara za Kiswahili tunaweza kujipongeza kwamba tasnifu zetu, tofauti na nyingi za vizazi vilivyotutangulia, zinaandikwa kwa Kiswahili. Je, katika nchi yenye lugha nyingi kama Kenya, Kiswahili hakiwezi kuwa pazia la pili? Mtafiti wa fasihi simulizi anayekwenda kwa Wapokomo au Wataita huuleta wimbo kwa lugha yake na kuuwekea tafsiri. Hiyo ni ada njema na idara zetu zimeidumisha. Lakini maelezo ya mwimbaji kuhusu wimbo huo, yaani uhakiki wake yeye mwenyewe, huletwa kwa Kiswahili cha mtafiti tu. Wimbo umetunzwa kwa kuwa ni fasihi. Maneno ya mwenye wimbo yametupwa kwa kuwa ni data. Mizani mbili tulizozilaumu kwa wanasayansi ya jamii zimo ndani ya nyumba yetu.

Hitimisho

Mwandishi wa makala haya hana budi kukiri kwamba analizungumza kosa alilolitenda. Mahojiano ya tasnifu yake yalifanywa kwa Kiswahili cha Kimvita, nayo tasnifu ikaandikwa kwa Kiingereza. Miaka mingi baadaye mwanafunzi mmoja wa uzamili alimwomba maneno halisi ya bibi mmoja aliyenukuliwa mle kuhusu unyago na shule. Daftari lilipotolewa sandukuni lilikuwa na Kiingereza kitupu, kilichoandikwa kwa haraka usiku wa siku ile ile, na kanda ilikuwa imeota ukungu. Bibi alikwisha kufariki. Alilosema linajulikana, jinsi alivyolisema halitajulikana tena, na mwanafunzi yule alikuwa na haki ya kuuliza ni nani, basi, anayesema katika ukurasa ule.

Tunapendekeza mambo manne kwa idara na kwa kamati za uzamili. La kwanza, kila nukuu ya mhojiwa katika tasnifu iwekwe kwa lugha iliyosemwa, na tafsiri ifuate. La pili, swali lililoulizwa lichapishwe pamoja na jibu. La tatu, aliyetafsiri atajwe, awe mtafiti au msaidizi wake, kwa kuwa wasaidizi wa utafiti ndio wafasiri wakuu wa sayansi ya jamii nchini na hakuna anayewasoma kama wafasiri. La nne, unukuzi kamili uwekwe maktabani pamoja na tasnifu, majina yakiwa yamefichwa pale ridhaa ilipotaka hivyo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji nadharia mpya.

Kwa wahakiki wa fasihi kuna la ziada. Tumejizoeza kulalamika kwamba taaluma yetu haithaminiwi katika miradi mikubwa ya utafiti, ambayo fedha zake huenda kwa wachumi, wanatakwimu na wanaelimu. Labda sababu mojawapo ni kwamba hatujasema waziwazi tunachokijua na wao hawakijui. Tunajua kusoma "tulishindwa". Tunajua tofauti ya "aliacha" na "anarudishwa", na tunajua kwamba katika tofauti hiyo ndimo yalimo majibu ya maswali yanayoulizwa na Wizara ya Elimu. Ujuzi huo tukiuweka kwa ajili ya riwaya peke yake, tutakuwa nasi tumekubali kwamba mama wa jibu letu hakusema jambo linalostahili kusomwa.